Kumsaidia mthamini aione thamani ya nyumba zilizo katika lupango la pamoja

Hapa Lubumbashi familia nyingi haziishi peke yao ndani ya ukuta wao. Zinaishi katika lupango moja, yaani kiwanja kimoja kilichozungushiwa ukuta, lenye milango kadhaa, zikigawana kisima, tanki, geti, mlinzi na uwanja wa watoto. Baadhi ni ndugu waliorithi kiwanja cha baba yao. Wengine ni wafanyakazi wenza waliounganisha fedha wakanunua eneo kubwa pembezoni mwa mji, wakajenga kila mmoja nyumba yake na kuacha sehemu ya katikati iwe ya wote. Maisha ya namna hiyo yana thamani ambayo wanaoishi humo wanaijua vizuri. Hata hivyo, siku mthamini anapofika kwa niaba ya benki, au kwa ajili ya mgawanyo wa urithi, thamani hiyo mara nyingi haiingii katika ripoti yake. Naandika haya kwa sababu naamini kwamba jambo hilo linaweza kurekebishwa, na kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kulirekebisha iko mikononi mwetu sisi wakaaji.

Lupango letu liko upande wa Kasapa na lina nyumba tisa. Kila familia ilijenga yake kwa matofali ya kuchoma na malata (mabati), kwa kipimo chake na kwa uwezo wake, lakini tulikubaliana tangu mwanzo kwamba mambo manne yatakuwa ya wote: kisima kilichochimbwa kwa mashine pamoja na pampu na tanki lake, waya mkubwa unaotuletea umeme kutoka kabini ya mtaa (kituo cha transfoma), ukuta wa nje wenye geti moja na chumba cha mlinzi, na baraza kubwa yenye paa ambamo tunafanyia mikutano, sherehe na matanga. Kwa kuwa baraza ipo, hakuna aliyejenga sebule kubwa. Kwa kuwa kisima kipo, hakuna aliyechimba chake. Nyumba zetu ni ndogo kwa makusudi, maana sehemu ya kile ambacho mtu angekijenga ndani ya kuta zake amekijenga nje ya kuta hizo pamoja na wenzake, na amekilipia kwa fedha yake.

Jirani yetu mmoja, muuguzi, aliomba mkopo akiweka nyumba yake rehani, na benki ikamtuma mthamini, ambaye mjini watu wengi humwita ekspere. Alikuwa kijana mwenye heshima na mwenye kuijua kazi yake. Alipima vyumba kwa utepe, akagonga ukuta kusikia kama plasta imeshika, akapanda ngazi kuangalia mbao za paa, akahesabu milango na madirisha, akaandika yote. Kisha akapita chini ya mnara wa tanki akielekea getini bila kuinua macho. Mama mmoja mzee wa hapa kwetu, aliyekuwa akichota maji bombani, akamwuliza: “Papa ekspere, na maji haya huyaandiki?” Kijana akajibu kwa upole: “Mama, maji haya si ya nyumba hii, ni ya wote.” Mama akamwambia: “Sasa mwanangu, kama ni ya wote, huyu naye si mmoja wao?” Yule kijana akasimama, akafikiri, akauliza kama kuna karatasi inayoonyesha sehemu ya kila nyumba katika kisima. Karatasi ya namna hiyo haikuwepo. Ripoti aliyoipeleka benki iliithamini nyumba ile kana kwamba imesimama peke yake katika eneo tupu lisilo na maji wala ulinzi.

Swali la yule kijana lilikuwa la haki, na ndilo lililonifanya nianze kusoma jinsi kazi ya uthamini inavyofanywa hapa na kwingine. Wathamini hutumia njia tatu zinazojulikana karibu kila mahali. Ya kwanza ni kulinganisha: mthamini hutafuta nyumba zilizouzwa karibuni zinazofanana na anayoitazama, kisha huongeza au hupunguza bei kulingana na tofauti zilizopo. Ya pili ni gharama: hukadiria nyumba hiyo ingejengwa leo kwa kiasi gani, akatoa uchakavu, akaongeza thamani ya kiwanja. Ya tatu ni mapato: huangalia kodi ambayo nyumba inaweza kuingiza, akaigeuza kuwa thamani ya mtaji. Hakuna hata moja kati ya njia hizi iliyobuniwa ili kuwadhulumu watu wanaoishi pamoja. Lakini zote tatu huanzia kwenye ukuta wa nyumba moja, na kile kilicho nje ya ukuta huo huhesabiwa tu pale ambapo kuna ushahidi kwamba kinaambatana na nyumba, kwamba kina faida inayopimika, na kwamba mnunuzi atakipata pamoja na ufunguo.

Tatizo hili limewasumbua watu walio mbali nasi na wenye masoko ya nyumba yaliyoandikwa vizuri kuliko yetu, na nadhani inafaa kuangalia walivyolishughulikia. Nchini Denmark, msanifu majengo Jan Gudmand-Høyer alianza mwaka 1964 kujadiliana na marafiki zake juu ya makazi ambamo kila familia ingekuwa na nyumba yake kamili, jiko lake na mlango wake, lakini zote zingezunguka jengo moja la pamoja. Jaribio lao la kwanza lilikwama kwa upinzani wa majirani. Mwaka 1972, jumuiya ya Sættedammen ilikamilika ikiwa na nyumba 27, na kwa kawaida ndiyo hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika zama hizi. Wasanifu Kathryn McCamant na Charles Durrett waliipeleka fikra hiyo Marekani katika miaka ya 1980, na mwaka 1991 jumuiya ya Muir Commons yenye nyumba 26 ilianza maisha yake katika mji wa Davis, California. Tangu hapo zimejengwa nyingine nyingi, kila moja na jengo lake la pamoja lenye jiko kubwa, ukumbi wa kulia chakula, mara nyingi vyumba vya wageni na mahali pa kufulia nguo.

Mtu wa Kamalondo au wa Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, anayesoma maelezo hayo ataona mengi anayoyafahamu tangu utoto. Tofauti iko katika karatasi. Jumuiya nyingi za Marekani zilijipanga kisheria kama majengo ya umiliki wa sehemu, ambapo kila mwenye nyumba ana hati ya nyumba yake pamoja na fungu lililotajwa katika mali ya wote, na kuna chama cha wenye nyumba kinachokusanya michango na kutunza hesabu.

Hata wao, pamoja na karatasi zote hizo, walikutana na mthamini aliyepita chini ya tanki bila kuinua macho. Sababu ni rahisi kueleza. Nyumba katika jumuiya kama hizo huwa ndogo kuliko za mitaa ya kawaida, kwa sababu chumba cha wageni na ukumbi mkubwa viko katika jengo la pamoja. Mthamini anapogawanya bei kwa ukubwa wa nyumba, anaona kwamba kila kipimo cha sakafu kimelipiwa zaidi ya nyumba ya ng'ambo ya barabara, na anahitimisha kwamba bei imezidi. Tena, watu wa jumuiya hizo hukaa muda mrefu bila kuuza, hivyo mauzo ya kulinganisha ni machache. Shirika la Fannie Mae, ambalo hununua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, hudai kwamba ripoti iwe na angalau mauzo 3 yaliyokamilika ya nyumba zinazofanana, na kwa kawaida yawe ya miezi 12 iliyopita. Mthamini asiyepata mauzo matatu ndani ya jumuiya huenda mtaa wa jirani, akachukua nyumba za kawaida, na hapo jengo la pamoja linatoweka.

Kilichonivutia ni kwamba kanuni hizo hizo zina mlango uliofunguliwa ambao watu wengi hawaupiti. Mthamini anaruhusiwa kutumia mauzo ya zamani zaidi, au ya mbali zaidi, ikiwa ataeleza kwa nini ndiyo yanayofanana kweli na nyumba anayoithamini. Anaweza kwenda kutafuta nyumba iliyouzwa katika jumuiya nyingine ya aina hiyo kwenye mji mwingine, kwa sababu mnunuzi anayetafuta maisha ya pamoja hulinganisha jumuiya na jumuiya, wala halinganishi nyumba ile na nyumba yoyote iliyo karibu. Anaweza pia kuchukua jozi za mauzo, yaani nyumba mbili zinazofanana katika kila kitu isipokuwa jambo moja, na kutumia tofauti ya bei zao kuwa kipimo cha jambo hilo. Zaidi ya hayo, kanuni za taaluma yao humtaka mthamini asiyeifahamu aina fulani ya mali aseme hivyo wazi, kisha ajifunze au aiache kazi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nalichukulia kwa uzito. Kumsaidia mthamini hakufanani na kumshinikiza. Baada ya msukosuko wa mikopo ya nyumba nchini Marekani, ambapo wathamini walisukumwa waandike bei ambazo wakopeshaji walizitaka, sheria ya mwaka 2010 ilikataza kumlazimisha, kumhonga au kumtisha mthamini ili afikie bei fulani. Sheria hiyo hiyo iliruhusu mambo matatu: kumwomba azingatie taarifa zaidi, zikiwemo mauzo mengine ya kulinganisha; kumwomba aeleze alivyofikia hitimisho lake; na kumwomba arekebishe makosa. Mpaka huo unatufaa pia hapa kwetu, ambako mtu hujaribiwa kumpa ekspere bahasha badala ya kumpa nyaraka. Bahasha huinunua ripoti moja na kuharibu zinazofuata, kwa sababu benki ikishaacha kuziamini ripoti za mtaa fulani, kila mwenye nyumba katika mtaa huo hulipa gharama.

Kuna kielelezo kingine kutoka huko huko ambacho nimekiona kuwa cha manufaa. Wenye nyumba zilizojengwa ili zitumie nishati kidogo walikuwa na malalamiko yanayofanana na yetu, kwamba paneli za jua na kuta zinazozuia baridi hazikuonekana katika fomu ya kawaida. Mwaka 2011 chama cha wathamini kiitwacho Appraisal Institute kilitoa fomu ya nyongeza ya kuelezea mambo hayo, inayoambatanishwa na ripoti. Fomu hiyo haisemi paneli zina thamani gani. Inahakikisha tu kwamba zimetajwa, kwa ukubwa wake, umri wake na hali yake, ili mthamini asiweze kuzipita, na anayeisoma ripoti naye aone kilichopimwa na jinsi kilivyopimwa. Nilipoisoma habari hiyo nilitambua kwamba hicho ndicho kilichokosekana siku ile chini ya tanki letu.

Turudi Lubumbashi, maana hali yetu ina ugumu wake. Hatuna daftari la wazi la mauzo ambamo mthamini angeweza kutafuta bei za nyumba zilizouzwa mwaka jana. Bei inayotajwa kwa mdomo na bei inayoandikwa kwenye mkataba si lazima zilingane, na komisionere (dalali) anayezijua bei za kweli hana sababu ya kuzitangaza. Kwa hiyo wathamini wetu huegemea sana njia ya gharama: wanahesabu matofali, simenti, mbao, malata na milango, wanatoa uchakavu, wanaongeza kiwanja. Njia hiyo ina uaminifu wake, lakini ni dhaifu hasa kwa malupango ya pamoja, kwa sababu mali ya wote haina mwenyewe mmoja wa kuandikiwa gharama yake, na manufaa ambayo hayakujengwa kwa matofali, kama vile utulivu wa usiku kwa sababu ya mlinzi, hayamo kabisa katika hesabu.

Ushahidi ambao tunao kwa wingi ni kodi. Kila mtu anayetafuta nyumba ya kupanga hapa mjini huuliza mambo yale yale kabla ya kuuliza idadi ya vyumba: maji yapo, umeme upo, usalama upo. Kodi hubadilika kulingana na majibu. Hapo ndipo njia ya mapato inaweza kumsaidia mthamini kupima kile ambacho njia ya gharama hukipoteza. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Nyumba mbili zina vyumba vitatu kila moja, mtaa mmoja, ujenzi unaofanana. Ya kwanza inapangishwa kwa dola 250 kwa mwezi, na mpangaji hununua maji kwa bidoni (madumu). Ya pili iko katika lupango lenye kisima na mlinzi, inapangishwa kwa dola 300. Tofauti ni dola 50 kwa mwezi, yaani 600 kwa mwaka. Mwenye nyumba ya pili huchangia dola 10 kila mwezi kwa ajili ya pampu na mlinzi, yaani 120 kwa mwaka, hivyo kinachobaki ni 480. Ikiwa wanunuzi wa mtaa huo hutarajia mali iwaingizie asilimia 12 kwa mwaka, basi 480 ikigawanywa kwa 0.12 inatoa dola 4,000. Hiyo ni sehemu ya thamani ya nyumba inayotokana na mambo ya pamoja.

Tukienda kwa njia ya gharama, kama kisima, pampu, mnara na tanki vingegharimu dola 9,900 leo, na nyumba ni tisa, fungu la kila moja ni 1,100 kabla ya kuondoa uchakavu. Namba hizi mbili zimeachana sana, na ni kazi ya mthamini kuamua ipi inaakisi soko, kwa nini, na kwa kiasi gani. Mimi si mthamini na sitaki kumfanyia kazi yake. Ninachodai ni kwamba sifuri, namba ambayo jirani yetu aliipata, haiwezi kutetewa kwa njia yoyote kati ya hizo.

Kuna hatari ya upande wa pili ambayo wakaaji huisahau wakiwa na hamu ya kuona bei ikipanda. Mali ya pamoja haiwezi kuhesabiwa mara mbili. Ikiwa kodi ya dola 300 imeshatumika kupata thamani ya nyumba nzima, basi maji na mlinzi vimo ndani ya kodi hiyo, na kuongeza tena fungu la kisima juu yake ni kudanganya. Vivyo hivyo, ikiwa nyumba zote tisa zimethaminiwa pamoja na haki zao katika baraza, baraza yenyewe haiwezi kuwekwa tena kando kama mali ya kumi yenye bei yake kamili. Nasisitiza jambo hili hasa katika mambo ya urithi, ambapo mgawanyo wa kiwanja cha familia hutegemea hesabu ya mthamini, na kosa la namna hiyo huzaa ugomvi kati ya ndugu unaodumu kuliko nyumba zenyewe.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni hati. Kwa sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inayohusu mali na ardhi, iliyorekebishwa mwaka 1980, ardhi ni mali ya Serikali peke yake. Kile ambacho raia anapata ni haki ya kuitumia, ya kudumu kwa Mkongomani au ya muda kwa mgeni, na haki hiyo huthibitishwa kwa hati ya usajili inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Hati hiyo ikitimiza miaka 2 haiwezi tena kupingwa ili ifutwe. Rehani nayo huandikwa juu ya hati hiyo. Maana yake ni kwamba thamani ya nyumba, machoni pa benki, hufuata hati kwanza na matofali baadaye.

Malupango mengi ya pamoja yana hati moja yenye jina la mtu mmoja. Inaweza kuwa ni kaka mkubwa aliyeshughulikia mambo ya marehemu baba, au mwenzao aliyekuwa na muda wa kufuatilia ofisini. Wengine wote wana makubaliano ya mdomo, au barua iliyosainiwa mbele ya chifu wa mtaa. Wakati maelewano yapo, hakuna anayeona pengo. Mthamini analiona mara moja, na hana la kufanya: anayetaka kuweka rehani nyumba ambayo hati yake iko kwa jina la mwingine hana cha kuweka, hata kama amejenga jumba. Suluhisho lipo na linajulikana: kukigawa kiwanja kisheria, kila nyumba ipate hati yake, na kuandika haki za kupita, kuchota maji na kupitisha waya kama haki zinazoambatana na kiwanja chenyewe na kumfuata kila mmiliki ajaye; na kwa sehemu isiyogawanyika, kama baraza na eneo la kisima, kuandika umiliki wa pamoja wenye mafungu yaliyotajwa. Kazi hiyo inahitaji mpima ardhi, mthibitishaji wa mikataba, fedha na subira. Sioni njia ya mkato, na sishauri mtu yeyote aikwepe.

Mthamini mwaminifu atataka pia kujua kasoro, na ni haki yake kuzijua. Je, kuna nyumba zisizolipa michango? Je, pampu ilinunuliwa kwa deni? Je, kuna kesi ya mpaka? Mnunuzi anayeingia katika lupango hununua pia mazoea ya lupango hilo, mazuri na mabaya. Huko Marekani, kwa majengo mengi ya umiliki wa sehemu, Fannie Mae haikubali mikopo ikiwa zaidi ya asilimia 15 ya nyumba zimechelewa kulipa michango kwa siku 60 au zaidi, na sababu inaeleweka: chama kisicho na fedha hakitengenezi paa. Kwetu hakuna anayetulazimisha kutoa hesabu hiyo, lakini nimeona kwamba lupango linaloweza kuonyesha daftari safi la michango hupata heshima ambayo maneno hayawezi kuileta. Mhasibu wetu, mwalimu mstaafu, huandika kila mwezi jina, kiasi, tarehe na saini ya aliyelipa, na upande wa kulia huandika fedha zilikokwenda: mafuta ya jenereta, fundi wa pampu, mshahara wa mlinzi. Kurasa hizo, zikinakiliwa, zinamwambia mthamini gharama halisi ya kuendesha mali ya pamoja, ambayo bila hizo angeikisia.

Nitaje pia, kwa kifupi, kwamba si kila jumuiya inataka bei ipande. Katika mji wa Leeds, Uingereza, jumuiya ya LILAC yenye nyumba 20, iliyokamilika mwaka 2013, iliamua kwamba fungu la mwanachama halitafuata bei ya soko, ili watu wa kipato cha kawaida waendelee kuweza kuingia. Naheshimu uamuzi huo. Hata hivyo uamuzi wa kuizuia bei ni tofauti kabisa na kutothaminiwa kwa kukosa ushahidi, na jirani yetu muuguzi hakuamua chochote.

Baada ya ripoti ile tulikaa barazani tukaanza kuandaa faili ya lupango letu. Ukurasa wake wa kwanza ni mchoro wa kiwanja uliochorwa na mpima ardhi, unaoonyesha nyumba tisa, geti, kisima, njia ya waya na baraza. Wa pili ni jedwali: kila mstari una namba ya nyumba, ukubwa wake kwa mita za mraba, fungu lake katika mali ya pamoja, mchango wake wa mwezi, na haki zake za maji, umeme na njia. Kisha yanafuata maelezo ya kisima, yaani kina chake, mwaka wa kuchimbwa, nguvu ya pampu, ujazo wa tanki, pamoja na risiti za fundi. Baada ya hapo kuna makubaliano yetu yaliyoandikwa upya mbele ya mthibitishaji, nakala za daftari la michango, na orodha ya kodi ambazo wapangaji wa nyumba zetu hulipa, bila majina yao. Ukurasa wa mwisho una kodi za nyumba za mtaani zinazofanana na zetu lakini hazina maji wala mlinzi. Tulizipata kwa kuwauliza wenye nyumba hizo wenyewe, kwa idhini yao.

Tumekubaliana namna ya kuitumia. Mwenye nyumba humkabidhi mthamini faili hiyo mwanzoni mwa ziara, kabla ya kupima, na mmoja wetu humtembeza katika mali ya pamoja, kumfungulia chumba cha pampu na kujibu maswali. Hatutaji bei tunayoitarajia. Ripoti ikitoka na kuonekana ina upungufu, mwenye nyumba huiandikia benki akitaja ukurasa na jambo lililosahaulika, na kuambatanisha ushahidi. Jirani yetu alifanya hivyo. Benki ikamrudisha yule yule kijana, naye akaja, akakaa na faili kwa muda mrefu chini ya mwembe, akauliza maswali magumu juu ya pampu na juu ya nyumba moja iliyokuwa na malimbikizo ya michango. Ripoti yake mpya iliutaja mfumo wa maji, ikaeleza fungu la nyumba hiyo, na ikasema wazi kwamba hati bado haijagawanywa, jambo ambalo liliishusha thamani. Nilikubaliana naye katika hilo. Kazi ya kugawa hati sasa iko ofisini, na mpima ardhi ameshaweka mawe ya mipaka.

Ninachokikosa hadi leo ni mauzo. Kodi zinasaidia, lakini bei ya nyumba iliyouzwa ndani ya lupango la pamoja ingekuwa ushahidi wenye nguvu zaidi, na lupango moja haliuzi mara nyingi. Kwa hiyo nawaomba wenye kuishi hivi Kampemba, Katuba, Rwashi au kwingineko hapa mjini, ambao wameuza au kununua nyumba ya aina hii, waandike mambo machache tu: mwaka, ukubwa wa nyumba, kilichokuwa cha pamoja, aina ya hati, na bei iliyolipwa kweli, bila majina wala namba za viwanja. Nitazipanga katika jedwali moja na kulitoa bure kwa mthamini yeyote atakayelihitaji, awe ametumwa na benki, na mahakama au na familia.